Kiegemeo cha Sponji

"Kaka, mimi simo," alisema dada yake, na mtu akianza hivyo ujue yumo mpaka shingoni.

Fundi hakumjibu kwa sababu mdomo wake ulikuwa umejaa misumari. Mafundi wa makochi ndivyo walivyo: misumari midogo mdomoni, nyundo mkononi, na anayewaletea maneno hana budi kuyamaliza peke yake. Alikuwa amepiga magoti barazani mbele ya kochi la watu watatu lililovuliwa nguo likabaki mbao na mikanda. Alivuta kitambaa kipya kwa mkono mmoja, akichomoa msumari mmoja mmoja kati ya midomo na kuugonga.

"Simo kabisa," dada akaendelea, akijitupa juu ya gunia la sponji bila kukaribishwa. Alikaa nyumba ya tatu kutoka hapo, na habari za mtaa mzima zilipitia kwake kabla ya kuwafikia wenyewe. "Lakini nina macho, kaka. Jana nilikuwa natoka sokoni, nikamwona wifi yangu darajani kwenye pikipiki ya yule Kobe. Alivyomkumbatia! Amemganda kama kupe. Shavu liko hapa," akajipiga mgongoni, "na mikono imezunguka mpaka huku mbele. Nikasema, eh, labda wifi anaumwa."

Fundi alitema misumari kiganjani. Mmoja ulikuwa umeanza safari ya kooni, akakohoa mpaka macho yakajaa machozi, na dada yake akamtazama kwa huruma ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri.

"Pale darajani kuna upepo," alisema alipopata sauti.

"Upepo upo, sijakataa. Hata mimi nilipanda, nikashika chuma cha nyuma, nikafika salama. Ila mimi simo."

Aliondoka bila kusubiri chai. Fundi alirudisha misumari mdomoni, akagonga mitatu, yote ikapinda.

Tangu nguzo moja ya daraja ionekane na ufa, mabasi na malori yalipigwa marufuku kupita. Yalishusha watu upande huu, na watu wakavuka kwa miguu au kwa pikipiki. Mkewe Fundi alifanya kazi ng'ambo, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, kwa hiyo alivuka kila siku, asubuhi na jioni. Waendesha pikipiki walikuwa wengi kama nzi, lakini wanawake waliofanya kazi ng'ambo walimgombania mmoja tu, yule waliyemwita Kobe kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akimpita mtu barabarani. Na huyo Kobe, ili mambo yazidi kuwa mabaya, alikuwa kijana mrefu asiye na mke, mwenye mashati yaliyopigwa pasi na marashi ambayo ungeyasikia kabla hajazima injini.

*

Mkewe alirudi jua likizama, amechoka, ananuka dawa ya kufulia. Fundi alijisogeza karibu kama mtu anayetaka kumpokea mkoba. Chini ya harufu ya dawa akakuta nyingine, tamu, imekaa kwenye shavu la kushoto.

"Umerudi na nani?"

"Na Kobe. Nani mwingine?"

"Pikipiki zimejaa pale."

"Zimejaa na zote zinakimbia." Alivua viatu, akavipanga ukutani. "Chakula kipo?"

"Nasikia unamkumbatia."

Mkewe alimtazama, kisha akatazama upande wa nyumba ya tatu. "Wifi alipita hapa."

"Sijauliza nani kapita."

Wakiwa na amani mkewe alimwita Fundi, kama mtaa wote ulivyomwita. Wasipokuwa na amani alimwita wewe bwana. "Wewe bwana," alisema, "umewahi kuvuka lile daraja kwa pikipiki tangu upepo uanze? Hauji kwa mbele, unakuja ubavuni. Unakupiga kibao, ukifika nyuma ya nguzo unakuacha, ukitoka tu unakupiga tena. Sasa mimi nikikaa mbali na dereva nakuwa mzigo unaocheza. Kobe ametufundisha. Abiria akae karibu, abane magoti, asigeuze kichwa huku na huku. Na yeye akiuinamia upepo, tuiname pamoja."

"Muiname pamoja."

"Ndiyo."

"Wewe na Kobe."

"Na pikipiki," alisema mkewe, akacheka.

Siku nyingine kicheko hicho kingemmaliza hasira. Siku hiyo kilimchoma. Alikula bila kuonja anachokula, na walipopanda kitandani mkewe akampa mgongo kama ilivyokuwa kawaida siku hizi. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa dawa, na akiguswa alisema, niache kidogo Fundi, mikono inaniwaka. Fundi alikuwa akimwonea huruma. Sasa akalala macho juu, akifikiri kwamba mikono hiyohiyo, kwa Kobe, haikuwa inawaka.

*

Kesho yake alasiri aliaga kwamba anakwenda kununua misumari, ingawa aliyekuwepo wa kuagwa ni kochi tu. Alikwenda kusimama kwenye mdomo wa daraja, kando ya kibanda cha muuza vocha, mahali anapoweza kuona bila kuonekana sana.

Upepo ulikuwa ukivuma hasa. Pikipiki zilitoka darajani zimelala upande mmoja, zote kwa pembe moja, kama vitabu kwenye rafu iliyokosa kitabu cha mwisho. Mfanyabiashara mmoja mnene alipita amemkumbatia dereva wake kwa mikono yote miwili, kofia ameiuma kwa meno, na Fundi akacheka peke yake. Akapita mzee wa kanisa na Biblia kwapani, amebanana na dereva wake kama mapacha. Fundi akacheka tena. Mtu mwenye akili zake timamu angejumlisha hapo akarudi nyumbani. Lakini wivu hauna hesabu, na Fundi alikuwa akisubiri pikipiki moja tu.

Ikaja polepole, ya mwisho kwenye kundi. Kobe alikuwa ameinama kidogo juu ya tangi, mikono imelegea kama anaendesha baiskeli ya mtoto. Nyuma yake alikuwa mkewe Fundi, kifua kwenye mgongo, vidole vimefungana tumboni mwa yule kijana. Hayo yote dada alikwishayasema. Ambacho dada hakusema ni kwamba alikuwa amefumba macho.

Angekuwa ameyafumbua, pengine Fundi angenyamaza. Macho yaliyofumbwa yalimwingia kama kisu. Alisubiri mkewe ashuke, alipe, apotee kwenye umati wa kituoni, ndipo akavuka barabara kwenda kwenye kijiwe cha pikipiki.

"Shemeji!" Kobe alimwita kwa furaha. "Karibu, leo tunakwenda wapi?"

"Usiniite shemeji."

"Basi nikuite nani, mteja? Hujawahi kupanda."

Wenzake waliokuwa wameketi juu ya pikipiki zao wakaanza kusogea. Fundi aliona wanavyosogea, akajua amekosea kuja, lakini miguu ilikwisha fika.

"Mke wangu usimbebe hivyo tena."

"Hivyo vipi?"

"Unajua."

"Sijui, shemeji. Nieleze ili nisikosee."

Kikawa kimya kizuri kabisa, kimya cha watu wanaongoja kuburudishwa. Fundi alitafuta neno ambalo mwanamume anaweza kulisema mbele ya wanaume wenzake akabaki na heshima, asilipate.

"Amekuganda," alisema mwishowe, na kijiwe kizima kikapasuka kwa kicheko.

"Shemeji, sikiliza," Kobe alisema, akijinyoosha shati mbele ya hadhira yake. "Hapa darajani nimebeba manesi, nimebeba walimu, nimebeba mpaka mchungaji, na wote wameniganda. Asiyeganda tunalala naye barabarani. Mgongo huu ni mali ya umma!"

"Mali ya umma!" wenzake wakaitikia, na mmoja akampiga Kobe mgongoni kama anagonga mlango wa ofisi ya serikali. Fundi aligeuka akaondoka. Kicheko kilimfuata mpaka kona ya pili, na hata alipokuwa hakisikii tena aliendelea kukisikia.

*

Maneno hayakuwa silaha yake. Alikuwa mtu wa mikono. Asubuhi iliyofuata alilisukuma kochi la mteja pembeni, akachukua ubao, akaukata kwa upana wa mabega ya mtu. Akabandika sponji ngumu pande zote mbili, akaipandisha mpaka ikafika kimo cha kidevu cha mwanamke aliyeketi. Akaivika ngozi bandia nyekundu aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya kiti cha mkurugenzi fulani, akaitia uzi mweupe pembeni. Upande mmoja akashona vishikio viwili, chini akaweka mikanda ya kufungia kwenye kiti cha pikipiki. Alikuwa hajawahi kushona kitu kizuri kiasi kile kwa nia mbaya kiasi kile.

"Nimekutengenezea kitu," alimwambia mkewe jioni. "Usiwe unaumia."

Mkewe alikizunguka, akakibonyeza kwa kidole. "Kiegemeo?"

"Kiegemeo."

"Mbona vishikio viko mbele? Kinakaa wapi?"

"Kati."

"Kati ya nini na nini?"

"Kati yako na dereva."

Fundi alitazama uzi mweupe, ambao ulikuwa umenyooka vizuri sana.

"Yaani kesho," mkewe alisema, "nitembee barabarani nimebeba hiki, watu wote wakione, wote wajue ni cha nini."

"Ni cha kuegemea."

"Fundi, mimi nakwenda kufua mashuka ya wagonjwa. Nikifika pale nanuka damu za watu. Unadhani nina nguvu ya kuzini juu ya pikipiki?"

"Mbona ulikuwa umefumba macho?"

Hapo ndipo mkewe alipojua kwamba alikwenda kumchungulia. Uso wake ulibadilika, na haukubadilika kwa hatia.

"Nafumba kwa sababu naogopa," alisema. "Naogopa kila siku. Ukitazama chini unaona maji."

Angeweza kuishia hapo. Maneno yalikuwa wazi, na sehemu fulani ya moyo wake iliyaamini. Lakini sehemu nyingine ilikuwa bado pale kijiweni, inachekwa.

"Kama hutaki, acha kazi," alisema.

"Na kodi ya nyumba? Utamlipa mwenye nyumba misumari?"

"Pikipiki ya mtu yeyote, usipande bila hiki. Niahidi."

"Pikipiki ya mtu yeyote?"

"Ya mtu yeyote."

"Sawa," mkewe alisema. "Nimekuahidi." Alisema kwa sauti ya upole kabisa, na Fundi, ambaye alikuwa ameishi na mwanamke huyo miaka mingi kiasi cha kumjua, akadhani ametii.

*

Pale kijiweni walikiita Ukuta. Siku mbili za kwanza upepo ulitulia, na Kobe alikifunga nyuma yake huku akicheka, akivuka daraja peke yake mbele na mkewe Fundi peke yake nyuma, kama watu wa nyumba mbili zilizopakana. Madereva walipiga honi. "Shemeji, jirani mzima?" walimwuliza. Kule kazini hapakuwa na pa kukiweka, akawa anakiegemeza nyuma ya mashine za kufulia, na wenzake wakamwuliza kama ameanza biashara ya fanicha. Aliwaambia ndiyo. Jioni alikibeba kichwani mpaka nyumbani, akakisimamisha barazani mbele ya Fundi bila neno.

Siku ya tatu upepo ulirudi na hasira zake. Kobe alikipima kile kitu kwa macho, akatikisa kichwa.

"Shemeji, leo siwezi. Hiki ni bango, kitatubeba. Kiache hapo kwa muuza vocha, upande, jioni utakichukua. Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Nimeahidi."

"Basi nenda na mwingine."

Wengine nao waliutazama ule Ukuta, wakatazama bendera ya kibanda cha vocha ilivyonyooka kwa upepo, wakakumbuka kwamba wana shughuli. Mkewe Fundi alivuka kwa miguu, amekikumbatia kile kiegemeo mbele yake, upepo ukimsukuma mpaka kwenye vyuma vya pembeni na kumrudisha. Alifika kazini amechelewa. Keshoye ikawa hivyohivyo.

"Msimamizi ameniita," alimwambia mumewe jioni, akipaka mafuta mikononi. "Nikichelewa tena nisiingie ndani, nipitie ofisini nichukue barua. Kuna wanawake wamepanga foleni getini wanataka nafasi yangu."

Fundi aliona aibu. Lakini nitamsema alivyo: kabla ya aibu alifurahi, kwa sababu mkewe alikuwa ametembea. Kwa siku mbili Kobe alikuwa amemtazama tu akipita.

"Kesho nitakupeleka mwenyewe," alisema.

"Kwa usafiri gani?"

"Kwa pikipiki. Nitaazima kwa fundi bomba. Nilishaendesha pikipiki mimi, kabla hujanijua. Nilibebea mbao."

Mkewe alimtazama kwa muda. "Mbao," alisema, akaendelea kupaka mafuta.

*

Asubuhi mabati ya mtaa mzima yalikuwa yakipiga makofi. Fundi alikuwa ameoga mapema, amevaa shati la pasi, na tuseme ukweli, alikuwa amejipaka marashi. Aliwasha pikipiki ya fundi bomba mbele ya nyumba, akaifanya ingurume zaidi ya ilivyohitajika. Dada yake alikuwa mlangoni kwake, hayumo kama kawaida.

Mkewe alitoka na mkoba begani na kiegemeo mikononi.

"Hicho cha nini?" Fundi aliuliza.

"Si kiegemeo?"

"Najua ni kiegemeo. Leo unapanda na mimi. Mimi si mume wako?"

"Ulisema pikipiki ya mtu yeyote. Nikakuuliza, ukarudia." Alianza kufunga mikanda kwenye kiti, taratibu, kwa vidole vilivyokwisha zoea. "Au ahadi ilikuwa ya Kobe peke yake? Niambie kwa sauti, nisikie. Wifi naye asikie."

Fundi aligeuka akamwona dada yake, akamwona muuza maziwa naye amesimama. Kusema ndiyo kulikuwa ni kukiri mbele ya mtaa kwamba alikuwa akimwonea wivu mbeba abiria. "Panda," alisema. "Utachelewa." Mkewe alipanda nyuma ya Ukuta, akashika vishikio. Safari nzima mpaka darajani Fundi hakumwona wala kumhisi. Alisikia sponji tu mgongoni.

Mwanzoni mwa daraja palikuwa na foleni ya pikipiki zikienda polepole upande wa kulia, ule upepo unakotoka, ili zikisukumwa ziwe na nafasi ya kusukumwa. Fundi hakujua kwa nini zimejipanga hivyo, akaona ni uvivu. Aliona pia shati la Kobe mbele, jeupe, na nesi mmoja amelala mgongoni mwake. Akatia moto. Alitaka kumpita. Alitaka mkewe aone akimpita, hata kama ni Kobe, mtu ambaye kila mtu humpita.

Akapita upande wa kushoto, kando ya vyuma.

Kibao cha kwanza kilimkuta hapo. Kilikuja kutoka kulia, kikalikuta lile bango la sponji limesimama wazi, na Fundi akahisi pikipiki nzima inavutwa kwa nyuma kama mtu aliyeshikwa kola. Alikaza mikono. Kadiri alivyokaza ndivyo usukani ulivyozidi kutetemeka. Wakafika nyuma ya nguzo, upepo ukakatika ghafla, pikipiki ikayumba kulia, akairudisha kushoto, na hapo wakatoka kwenye kivuli cha nguzo na upepo ukawapiga tena.

"Punguza!" alisikia mkewe akipiga kelele. "Fundi, legeza mikono! Punguza!"

"Nishike!" yeye naye alipiga kelele. Hakuwahi kutaka kitu chochote maishani kama alivyotaka wakati huo mikono ya mkewe imzunguke, uzito wake uje mbele, wawe kitu kimoja kizito. "Nishike mke wangu!"

Aliona vidole vya mkewe. Vilitokea pande zote mbili za kile kiegemeo, vimechubuka, vimenyooka mpaka mwisho, vinatafuta shati lake, na havikufika. Fundi mwenyewe ndiye aliyepima upana ule.

Gurudumu la mbele liligonga ukingo. Hawakuruka, waliangushwa upande kama mtu anavyomwaga maji ya beseni. Mikanda ilikatika, Ukuta ukainuka hewani mwekundu, ukagonga chuma cha juu na kutumbukia majini. Fundi aliburuzwa kwa goti na kiwiko. Aliposimama, pikipiki ya fundi bomba ilikuwa imepinda shingo, na mkewe alikuwa amekaa chini ameegemea vyuma, mkono wa kulia ameupakata kwa wa kushoto. Juu ya kiwiko mkono ule ulikuwa umekunjika mahali ambapo mkono haukunjiki.

Hakulia. Aliuangalia kama kitu cha mtu mwingine. "Nitafulia nini?" alisema.

*

Madereva walisimama, wakawazunguka kuwakinga upepo. Hakuna aliyecheka. Nesi wa Kobe alishuka, akatazama mkono, akasema afikishwe hospitali haraka na asitembee, maana ameshaanza kutoka jasho la baridi na anaweza kuanguka. Yeye angepanda na dereva mwingine, akawaandalie njia. Kobe aliisogeza pikipiki yake mpaka miguuni pa yule mwanamke. Kisha akafanya jambo ambalo Fundi angependa asilifanye: alimtazama yeye kwanza.

"Uliniambia nisimbebe," alisema. Hakusema kwa kejeli. "Nimbebe?"

Fundi alitaka kusema atambeba mwenyewe. Alitazama pikipiki iliyopinda shingo, akatazama goti lake lililokuwa likitoka damu, akatazama daraja lililobaki.

"Mimi nipande nyuma yake nimshike," alisema.

"Watu watatu kwenye upepo huu, shemeji, tutalala tena."

"Basi mbebe."

Walimwinua watu wawili. Kobe alikaa mbele, akainama juu ya tangi na kuwapa mgongo. Mkewe Fundi alipandishwa nyuma, akabana magoti, mkono uliovunjika juu ya mapaja. Mkono mzima aliunyoosha nyuma, akashika chuma cha kiti. Akakaa wima. Kati ya kifua chake na shati jeupe palikuwa na nafasi ya kupitisha mtu, na macho yake, yaliyokuwa yakifumba kwa maumivu, yalikuwa yakimtazama mumewe.

Ilimchukua Fundi kitambo kuelewa anachokiona. Amevunjika mkono, meno yanagongana, upepo unampiga usoni, na bado anapima nafasi kwa ajili yake.

"Sogea," alimwambia.

Hakusogea.

"Sogea mbele, mke wangu. Mshike."

"Huku ukiniona?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Wivu wenyewe haukuwa umekwenda popote. Ulikuwa palepale kifuani, unawaka kama mwanzo, na alijua utakuwepo kesho pia. Alimwekea mkewe kiganja mgongoni, akamsukuma polepole mpaka kifua kikafika kwenye mgongo wa yule kijana. Akaushika ule mkono mzima, akaubandua kwenye chuma kidole kimoja kimoja, akauzungusha tumboni mwa Kobe na kuuacha hapo. Mkono mmoja hautoshi kwenye upepo ule. Kila mtu aliyesimama pale alilijua hilo.

Akauvua mtandio uliokuwa shingoni mwa mkewe. Akaupitisha nyuma ya kiuno chake, akauleta mbele, akawafunga pamoja, mkewe na Kobe. Vidole vyake vilivyokwisha funga mikanda ya makochi ya nusu ya mji vikatafuta mahali pa kukaza bila kumuumiza. Marashi ya Kobe yalikuwa yamemjaa puani. Akakaza. Mkewe akaguna, shavu likaangukia kwenye shati jeupe, na macho yakafumba.

"Imekaza?" Kobe aliuliza, hajageuka.

Fundi alipitisha kidole kati yao kuona kama pamebaki nafasi. Haikubaki.

"Imekaza," alisema. "Nenda."